Tarehe 20 mfuko mtupu: tujibane zaidi, au tusaidiane kwa mpango?

Swali la msomaji: Tuko sita nyumbani: mimi, mume wangu, watoto watatu na mama mkwe. Miezi saba iliyopita mume wangu alipunguziwa siku za kazi, na kipato chetu kikashuka kwa karibu theluthi moja. Tumekata kila kinachokatika, lakini ikifika tarehe 20 hatuna kitu. Hapo naanza kuzunguka: kwa wifi yangu, kwa majirani wawili. Nao wakikwama huja kwangu. Nilijua huo ndio ujirani, ila sasa jirani mmoja hanisalimii kama zamani na sijui nimemkosea nini. Yule mwingine anataka tuanzishe upatu wa watu 8. Mume wangu anasema upatu ni mzigo juu ya mzigo. Tujibane zaidi, au tuingie?

Jibu: Dada yangu, nimeisoma barua yako mara mbili. Kilichonishika zaidi ya ile theluthi iliyopotea ni hiyo tarehe 20.

Kaya nyingi ninazoshauriana nazo huja zikiamini kwamba tatizo lao ni kiasi cha fedha. Nyingine ni kweli. Lakini nyingi zina tatizo la siku: fedha huingia siku moja, mahitaji huja siku thelathini, na katikati kunabaki pengo ambalo hulipiwa ghali sana. Hulipiwa kwa mikopo yenye riba, kwa kununua vipimo vidogo vya bei kubwa, kwa kuahirisha dawa, na kwa kuwachosha watu wanaokupenda. Kujibana zaidi hakuzibi pengo hilo, hulisogeza tu kutoka tarehe 20 hadi tarehe 22. Kinacholiziba ni mpangilio wa siku, na watu wanaokuzunguka ndio msaada wa gharama ndogo kuliko wote, ilimradi kila mmoja ajue ni msaada wa aina gani anaoutoa. Nadhani hapo ndipo mlipoteleza wewe na jirani yako. Nitafika huko.

Kwanza ujue unaumwa nini. Kwa mwezi mmoja andika kila kinachotoka, kwa kalamu, kwenye daftari. Mwandishi wa habari wa Japani, Hani Motoko, alichapisha daftari la namna hiyo kwa ajili ya akina mama wa nyumbani mwaka 1904, na watu wa kule bado wanalitumia hata baada ya simu kuja na programu za kila namna. Siri yake ni kwamba mkono ukiandika, kichwa hulazimika kusimama kidogo juu ya kila fedha. Daftari lako liwe na safu tatu: tarehe, kitu na bei yake, na ya tatu ambayo wengi huisahau: fedha hiyo ilitoka wapi. Ilikuwa ya kwako, ya kuazima, au ya kupewa? Bila safu ya tatu utamaliza mwezi ukidhani mmeishi kwa kipato chenu kumbe mmeishi kwa kipato cha wifi yako.

Mwisho wa mwezi jumlisha mambo yasiyo na mjadala: pango, chakula, maji, nishati ya kupikia na umeme, nauli ya kwenda kazini, dawa, mahitaji ya shule. Kama jumla hiyo inazidi kipato chenu wenyewe, basi ni tatizo la kiasi, na sitakudanganya kwamba kuna ujanja wa jikoni utakaolitibu. Itabidi kitu kikubwa kibadilike: nyumba ya pango dogo zaidi, chanzo kingine cha kipato, au msaada wowote ambao kaya yenu ina haki ya kuuomba. Kama jumla inaenea lakini fedha bado huisha tarehe 20, tatizo ni siku.

Ukikuta chakula kimemeza sehemu kubwa kuliko zamani, usijilaumu wala usiwatazame watoto vibaya mezani. Mwaka 1857 mtakwimu wa Kijerumani, Ernst Engel, alipochambua bajeti za familia za wafanyakazi wa Ubelgiji, aliona kwamba kadiri kipato kinavyokuwa kidogo ndivyo sehemu yake inayokwenda kwenye chakula inavyokuwa kubwa. Kipato chenu kimeshuka, matumbo ni yale yale sita. Hesabu lazima itoke hivyo.

Sasa tuchukue kipato chenu cha mwezi tukiite 100, ili tuongee bila kujali sarafu. Gharama zinazozivunja kaya mara nyingi si zile za kila siku, ni zile zinazokuja mara mbili, tatu au nne kwa mwaka: ada, sare, matengenezo, sherehe za ukoo ambazo huwezi kuzikwepa. Ziandike zote za mwaka mzima. Tuseme jumla yake ni 60. Gawa kwa 12, unapata 5 kila mwezi. Hiyo 5 itoke siku ile ile fedha inapoingia, iwekwe mahali ambapo kuifikia kuna usumbufu kidogo. Ukingoja ibaki, haitabaki.

Halafu fedha ya chakula. Watu wengi huigawa kwa wiki nne, na hapo hujikata mguu wenyewe, maana wiki nne ni siku 28 na mwezi huwa na 30 au 31. Zile siku mbili tatu za mwisho hazikuhesabiwa na mtu, na ndizo siku za kuzunguka kwa majirani. Gawa kwa siku zote, kisha weka bahasha tano: nne za siku saba saba na moja ndogo ya mkia wa mwezi. Ile ya mkia ifunge kwanza, mpe mama mkwe akutunzie. Mzee ndani ya nyumba ni mlinzi mzuri kuliko nywila yoyote, na kwa kumkabidhi hilo unamwonyesha kwamba bado ana nafasi katika kuiendesha nyumba.

Kuhusu kubana matumizi, nitasema machache kwa sababu umeshafanya mengi. Tazama joto kabla ya mwanga. Birika la umeme la wati 2,000 likichemka kwa dakika 6 linatumia umeme sawa na taa ya LED ya wati 10 inayowaka saa 20. Kwa hiyo kumfokea mtoto aliyesahau taa huku sufuria inachemka bila mfuniko ni kupoteza nguvu pasipostahili. Funika sufuria, loweka usiku vyakula vikavu vinavyochelewa kuiva, pika mara moja kwa milo miwili. Bomba likivuja, weka chombo chini usiku mmoja uone asubuhi umepoteza kiasi gani, kisha linganisha na bei ya kubadilisha kipira chake. Usikate mlo wa mtoto, usikate dawa, usikate nauli ya kazini. Na usikate kila chenye furaha, hata kama ni kidogo namna gani. Nimeona kaya zilizojinyima kila kitu kwa miezi mitatu, kisha siku moja zikalipuka na kutumia akiba yote kwa mkupuo. Hasira ya kunyimwa hujilimbikiza kama riba.

Na riba yenyewe, kama mna mkopo wowote wenye riba, iangalie vizuri. Kuna mikopo ambayo riba yake hukokotolewa kwa kiasi ulichokopa mwanzoni, hata baada ya kulipa nusu. Ukikopa 100 kwa miezi 6 kwa riba ya asilimia 10 ya mwezi iliyokokotolewa hivyo, utalipa 160, yaani karibu 26.7 kila mwezi. Lakini ile 100 hukukaa nayo miezi 6, ulikuwa unairudisha kidogo kidogo. Ukipiga hesabu kwa salio lililobaki mikononi mwako, riba halisi ni zaidi ya asilimia 15 kwa mwezi. Mkopo wa namna hiyo ulipwe kabla ya mingine yote isipokuwa deni la mtu ambaye naye anakosa chakula kwa sababu yako.

Hapo ndipo namfikia jirani yako.

Kati ya watu wanaosaidiana kuna mambo matatu yanayofanana sura. Kuna msaada, ambao haurudi. Kuna mkopo, ambao una kiasi na tarehe. Na kuna zamu: leo mimi, kesho wewe, bila kuhesabu kila senti lakini kwa kutegemea kwamba mzunguko utarudi. Yote matatu ni mema. Ugomvi huja pale mmoja anapotoa akidhani ni mkopo na mwingine anapokea akidhani ni zamu. Wewe huenda ulikuwa unasema moyoni, "Mwezi uliopita nilimpa mimi, tumelingana." Yeye huenda ana daftari lake kichwani, na humo wewe unadaiwa. Wala si lazima mmoja wenu awe mchoyo.

Kwa hiyo tangu leo, kila unapoomba, taja jina la unachoomba. "Naomba unikopeshe, nitakurudishia tarehe 3." Au, "Safari hii sitaweza kurudisha, naomba unisaidie." Sentensi ya pili inauma kuitamka, najua, lakini haiumi kama kukwepana njiani. Na ukiombwa wewe, uliza vivyo hivyo kwa upole. Kama unaweza kutoa nusu ya kilichoombwa bila kutarajia kirudi, mara nyingi ni bora kuliko kukopesha chote kisha ukae ukihesabu siku. Kusema "sina" unapokuwa huna pia ni sehemu ya kusaidiana. Mtu anayetoa fedha ya dawa za mama mkwe ili asionekane mnyimifu atakuja kuikopa kwingine kesho yake, na tatizo litakuwa limehama nyumba tu.

Msaada usio wa fedha mnautumia kidogo mno, kwa namna ninavyosoma barua yako. Nyinyi ni nyumba tatu zilizo karibu. Kuangaliana watoto kwa zamu kunampa mmoja siku nzima ya kutafuta kazi bila kulipa mlezi. Nguo na viatu vya watoto vihame kutoka nyumba yenye mkubwa kwenda yenye mdogo. Vifaa vinavyotumika mara moja kwa mwezi havihitaji kuwa vitatu. Mwaka 1973 mama mmoja wa Osaka, Mizushima Teruko, aliunda benki ya kazi za kujitolea ambamo wanawake waliweka saa badala ya fedha: ukimsaidia mwenzako saa mbili, una saa mbili za kudai utakapohitaji. Nyinyi hamhitaji benki, kipande cha karatasi ukutani kinatosha. Ninachokipenda katika mpango huo ni kwamba saa ya maskini ina urefu sawa na saa ya tajiri, kwa hiyo anayepungukiwa fedha haingii kama ombaomba.

Halafu kuna kununua pamoja. Chukua bidhaa tano mnazonunua kila wiki, gawa bei kwa uzito kwa kipimo kidogo na kwa kipimo kikubwa, ulinganishe. Tofauti hiyo ni ada mnayolipa kwa kukosa fedha ya mkupuo. Nyumba tatu zikichanga siku fedha zinapoingia na kununua kipimo kikubwa, ada hiyo inaondoka. Nunueni tu visivyooza na ambavyo nyumba zote hutumia, na mgawane palepale kwa mizani, kila mtu anaona. Wafanyakazi 28 wa mji wa Rochdale, Uingereza, walichanga pauni 28 na mwezi Desemba 1844 wakafungua duka lao lenye bidhaa chache tu za jikoni. Sheria zao mbili nazirudia kila ninapopata nafasi: kipimo cha haki, na hakuna kukopesha. Hiyo ya pili iliwauma wengi, lakini duka linalokopesha wanachama walioishiwa hufa mapema, na likifa wanakosa wote. Katika manunuzi yenu ya pamoja, asiyechanga mwezi huo hanunui, na kama amekwama asaidiwe kupitia mlango mwingine. Huo mlango nitauleta sasa hivi.

Upatu. Mume wako ana hoja, na jirani yako pia ana hoja.

Tuseme mko 8, kila mmoja anatoa 5 kwa mwezi. Kila mwezi mmoja anapokea 40. Mwisho wa miezi 8 kila mtu ametoa 40 na amepokea 40, hakuna aliyetajirika. Kilichobadilika ni siku. Ungeweka 5 zako peke yako ungefikisha 40 mwezi wa 8. Katika upatu, wa kwanza anazipata mwezi wa 1, wa nne mwezi wa 4, na hata wa saba amewahi mwezi mmoja. Ni yule wa nane peke yake asiyewahi chochote, na hata yeye amepata jambo ambalo wengi wetu hatuna, macho ya watu saba yanayomzuia asile akiba yake njiani. Ndiyo maana mpango huu upo karibu kila mahali watu wenye kipato kidogo wanapoishi. Wamexico huuita tanda, Waghana susu, Afrika Kusini stokvel. Kwa kaya yenye tatizo la siku, ni chombo kilichoundwa kwa ajili yake.

Lakini upatu haujui kwamba mume wako amepunguziwa siku za kazi. Mwezi ukiwa mbaya, 5 ni 5. Hapo ndipo hofu yake ina uzito, na usiipuuze. Kanuni yangu ni kwamba mchango upimwe kwa mwezi wenu mbaya kuliko yote katika hii saba iliyopita. Ukiupima kwa mwezi wa kawaida utajidanganya. Kama mwezi ule mbaya ungeweza kutoa 2 bila kugusa chakula, basi mchango wako ni 2, na kama wenzako hawataki chini ya 5, huu si upatu wako. Waambie hivyo bila aibu. Mtu anayeingia kwa kiasi asichokiweza huwaumiza saba wengine pamoja na nafsi yake.

Pia upatu hautibu dharura. Mtoto ataugua mwezi wa 2 na zamu yako ni ya 6. Kwa hiyo kando ya upatu, wekeni mfuko mdogo wa dharura: kila mmoja 1 kwa mwezi, na mkubaliane mapema dharura ni nini. Ugonjwa, msiba, kukosa chakula. Huo ndio mlango niliousema. Mwaka 1991 shirika la CARE lilianza vikundi vya akina mama huko Niger ambavyo viliweka akiba, kukopeshana na kugawana mwisho wa mzunguko, na mtindo huo umeenea nchi nyingi. Sanduku lao la fedha huwa na kufuli tatu, na funguo hukaa kwa watu watatu tofauti. Jifunzeni hapo.

Nasema hivyo kwa uchungu. Niliwahi kuwa katika kikundi cha watu 12 ambacho mweka hazina alikuwa mtu mwaminifu kabisa, lakini aliandika peke yake. Alipougua ghafla, hakuna aliyejua nani ametoa na nani bado. Hakuna aliyeiba, ila urafiki wa miaka uliharibika kwa wiki mbili za kubishana juu ya kumbukumbu. Tangu siku hiyo nadai madaftari mawili kwa watu wawili, na salio lisomwe kwa sauti kila mnapokutana. Zamu zipangwe kwa mahitaji yenu yenye tarehe, mwenye ada mwezi wa 5 apokee mwezi wa 5, na anayekuja bila kufahamika vizuri apokee mwishoni. Andikeni pia mtafanya nini mtu akijitoa katikati, kabla hajajitoa. Na akitokea wa kuwaambia kwamba mtapata zaidi ya mlichotoa mradi mlete watu wapya, ondokeni. Charles Ponzi aliahidi faida ya asilimia 50 kwa siku 45 huko Boston mwaka 1920, akawalipa wa mwanzo kwa fedha za waliofuata, na ndani ya mwaka huo huo kila kitu kilianguka.

Mazungumzo na mume wako yafanyike lini? Nakuomba isiwe baada ya tarehe 20. Watafiti waliwapima wakulima wa miwa wa Tamil Nadu, India, kabla na baada ya mavuno, wakachapisha matokeo mwaka 2013: watu wale wale walifanya vibaya zaidi kwenye majaribio ya kufikiri walipokuwa wameishiwa kuliko baada ya kupata fedha. Ukata huchukua nafasi kichwani. Kaeni siku moja baada ya fedha kuingia, mkiwa mmekula, daftari likiwa wazi katikati yenu, na muulize swali moja tu: mwezi wetu mbaya kuliko yote tungeweza kutoa kiasi gani? Namba hiyo ndiyo itakayoamua kuhusu upatu, na nina hakika atapumua akiona kwamba hofu yake imewekwa kwenye hesabu badala ya kupuuzwa.

Jirani aliyeacha kukusalimia, usimsubirishe mpaka siku hiyo. Tunasema dawa ya deni ni kulipa, ila anayekudai akiwa jirani, cha kwanza anachotaka ni kukuona mlangoni kwake. Nenda leo jioni, hata kama huna cha kumpa. Mwambie, "Tumekuwa tukipeana bila kuandika, na naogopa nimekosea hesabu. Wewe unakumbuka nakudai au unanidai?" Kisha unyamaze umsikilize mpaka amalize. Akitaja kiasi ambacho hukukitegemea, usibishane naye mlangoni. Mpe tarehe ambayo una hakika nayo, hata kama ni ya sehemu tu ya deni, iandikeni nyote wawili, na siku hiyo ikifika uwe umemfikia kabla yeye hajakukumbuka.